USHAURI: Majirani zangu bandarini hawataki kusaini mkataba wa mvuke, niwaharakisheje?

FundiMvuke: Wakuu, salaam. Usingizi sipati. Nasimamia kiwanda ndani ya eneo la viwanda la bandari. Joto letu la ziada linapotelea hewani usiku na mchana, huku majirani wakichoma gesi kutengeneza mvuke ule ule. Nataka tuwe na bomba la pamoja: sisi tuuze, wao wazime boila zao, moshi upungue. Kikaoni kila mtu anasema wazo zuri, kusaini hakuna. Nifanyeje?

PwaniMoja: Mkuu, achana na mvuke, nenda haidrojeni. Bandari ya Rotterdam, Uholanzi, wanajenga kiwanda cha megawati 200 cha kutengeneza haidrojeni kwa umeme wa upepo.

MamaHesabu: Haidrojeni ya nini na joto analo bure? Kalundborg, Denmark, mwaka 1972 waliunganisha kiwanda cha kusafisha mafuta na kiwanda cha mbao za jasi, gesi iliyokuwa inachomwa bure ikapata mnunuzi. Mvuke na wengine wakafuata baadaye. Anza na jirani mmoja.

Mstaafu: Enzi zetu tulivutana na jirani kuhusu nani alipie valvu moja tu. Mkurugenzi wake akastaafu, mpya akaanza upya. Ubinafsi ndio unaua haya mambo, vijana. Hewa ni ya wote.

MamaHesabu: Mleta uzi, haraka yote hii ya nini? Kuna kitu hujasema.

FundiMvuke: Nimeshasaini na mkandarasi. Mabomba yameagizwa na malipo ya awali yametoka. Lakini bei ya chuma ilikuwa inapanda, na kibali cha kuchimba kina ukomo. Ningesubiri wote wakubali, tungezeeka. Naamini wakiliona bomba watasaini.

MamaHesabu: Wakiliona watakubana bei, maana wanajua huna pa kuupeleka huo mvuke. Angalia Porthos, mradi wa Rotterdam wa kuzika hewa ukaa chini ya Bahari ya Kaskazini, tani milioni 2.5 kwa mwaka. Kesi ya uchafuzi wa naitrojeni wakati wa ujenzi iliwakwamisha kuanzia Novemba 2022 hadi Agosti 2023, lakini wateja wanne walikuwa wameshafunga mikataba. Kwa hiyo Oktoba 2023 uamuzi wa kuwekeza ukatoka.

KobeMzito: Hii chai. Bodi gani inaacha meneja aagize mabomba bila mteja hata mmoja? Umetunga.

PwaniMoja: Leteni vitafunwa basi 😂

FundiMvuke: Jina la bandari sitaji, nina familia. Ila nikwambie tulichogombania kuliko bei: bomba dogo la kurudisha maji baada ya mvuke kupoa. Jirani akirudisha maji yenye mafuta, boila langu linakufa. Tukakubaliana kipimo kikae upande wake wa ukuta, na maji machafu yamwagwe kabla hayajavuka. Hilo nalo nimetunga?

Mstaafu: Huyu yupo kazini kweli. Maji ya kurudi yalitutesa sisi.

KobeMzito: Sawa, hapo nanyamaza.

MamaHesabu: Sasa sikiliza. Jirani anaogopa siku kiwanda chako kikisimama, yeye atapata wapi mvuke. Mkataba useme boila zake zibaki tayari, matunzo juu yako. Yeye kwa upande wake aahidi kulipia kiasi cha chini kila mwezi, achukue asichukue. Benki inakopesha kwa kuangalia hicho kiasi cha chini, ramani nzuri haiwashtui. Na mkandarasi, mkataba wake una kifungu cha kusimamisha kazi?

FundiMvuke: Kipo, ila kina faini. Siwezi kurudi kwa bodi na faini mkononi.

MamaHesabu: Linganisha hiyo faini na riba ya bomba lililokaa tupu. Uwapelekee namba zote mbili, wachague wao.

FundiMvuke: Nitazipiga leo. Kikao ni Alhamisi. Kabla yake namfuata yule mwenye boila kuukuu, anayedaiwa ukaguzi.