Walimu wa "hamisha picha kwenye mbao", mmeniharibia picha pekee ya babu. Rudisheni 30,000 yangu

Wakuu, leo sikuja kusalimiana. Mods, nawaomba uzi huu msiuunganishe na ule wa biashara za mtaji mdogo, kwa sababu ninaowalalamikia wamejaa kulekule, wanamwaga namba zao chini ya kila komenti.

Naongelea hawa wanaouza darasa la WhatsApp la kuhamisha picha: kwenye mbao, kigae, jiwe, kikombe, kitambaa, hata kifuu cha nazi. Mmewaona. Video ya sekunde 40, mikono yenye kucha ndefu inasugua karatasi iliyolowa, karatasi inatoka, sura ya bibi harusi inabaki kwenye mbao kama ilizaliwa nayo. Chini yake: "Jifunze ukiwa nyumbani, 30,000 tu, zimebaki nafasi 5." Nafasi hizo 5 nazijua tangu Februari, hazijawahi kupungua hata moja.

Nikatuma 30,000. Pesa ya jasho, sikuiokota.

Nilikuwa na sababu. Desemba ukoo wetu unakutana Tabora. Babu mzaa mama alifanya kazi reli, enzi zile za reli ya Afrika Mashariki, na ya ujana wake ilibaki picha moja tu. Ya studio, 1966, kofia ya kazi kichwani, kaegemea kile kimeza kirefu chenye maua ya plastiki ambacho kila studio ya zamani ilikuwa nacho. Nyuma ya picha alimwandikia bibi mistari mitatu kwa kalamu ya wino, kabla hawajaoana. Mama alinikabidhi niitunze. Nikasema nitamshtua: itakaa kwenye kipande cha mninga. Nikaenda Keko, fundi akanikatia, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama shavu.

Darasa lenyewe ni sauti 11 zilizorekodiwa na faili la kurasa 4, picha zake zimeokotwa mtandaoni na nembo za wenyewe bado zimo. Maelekezo: chukua picha yako, paka gundi nyeupe ya mbao, bandika kifudifudi, acha usiku kucha, asubuhi lowanisha, sugua taratibu karatasi itoke, malizia na vanishi. Basi.

Mimi niliuliza, jamani. Ujumbe ninao mpaka leo: "Mwalimu, ni picha yenyewe au kopi?" Jibu: "Yoyote mpendwa, ilimradi iwe picha safi." Na vikopa viwili.

Nikabandika picha yenyewe.

Asubuhi nikachukua sponji na maji. Karatasi ya nyuma ikaanza kutoka vipande vipande. Maandishi ya babu ndiyo yaliyotangulia, yakawa maji ya bluu vidoleni mwangu, na mimi naendelea kusugua kwa sababu sauti namba 4 ilisema "mwanzoni itaonekana chafu, msiogope". Chini ya karatasi likaja tabaka jeupe kama chokaa. Chini ya chokaa, ute. Kitu laini cheusicheusi, kikajikunja chini ya kidole kama utando wa maziwa. Huo utando ndio uliokuwa babu.

Nilipompelekea mama alikaa nao ule ubao mapajani muda mrefu. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Na yale ya nyuma, mwanangu, uliyanakili?"

Sikuyanakili.

Nikarudi kwenye kundi, nikatuma picha ya ule ubao, nikauliza nimekosea wapi. Mwalimu akasema gundi yangu ilikuwa feki. Nikamkumbusha swali langu na jibu lake. Nikaondolewa kwenye kundi. Nikapiga simu, haipokelewi. Na wale wenzangu 200 na ushee hakuna hata mmoja aliyeniandikia pembeni, wote wanaogopa kukosa cheti. Ndiyo, kuna cheti. Cheti cha kusugua.

Aliyenielimisha ni kijana wa fotokopi. Nilikwenda kutoa kopi ya kitambulisho kwenye kibanda cha steshenari jirani na kituo cha daladala, nikajikuta namsimulia. Alicheka, kisha akaomba radhi, akafungua tumbo la mashine akanionyesha kopo la tona. "Dada, hii mashine haina wino. Ina unga."

Unga huo ni plastiki iliyosagwa laini pamoja na rangi. Mashine inaupanga kwenye karatasi kwa sura ya ile picha, halafu inaipitisha karatasi kwenye rola ya moto, unga unayeyuka na kuganda juu. Ndiyo maana kopi ya cheti chako ikikunjwa mara nyingi, herufi zinabanduka pale kwenye mkunjo. Sasa ukiilaza kopi hiyo kifudifudi kwenye gundi, gundi inaishika ile plastiki. Ukimwaga maji, karatasi inalegea na kutoka, plastiki haina habari na maji, inabaki palepale. Kumbe picha haihami, wakuu. Kinachohama ni ule unga, na kama karatasi yako haina unga hakuna cha kuhama.

Maelezo ya dakika 3, bure, huku anahudumia wateja wengine wawili.

Picha ya studio haina unga. Zile nyeusi na nyeupe za zamani, sura imo ndani ya tabaka la jelatini lenye chembechembe za fedha, na jelatini ikinywa maji inavimba na kulainika. Kwa hiyo mimi nilikuwa naloweka sura ya mtu na kuikwangua kwa kidole. Hizi za rangi za miaka ya karibuni, karatasi yake imevikwa plastiki mbele na nyuma, maji hayapenyi, utasugua mpaka Idi.

Wenzangu wengine walitumia printa za nyumbani, zile za wino wa maji. Wino wake mwingi unazama kwenye karatasi na ukiguswa na maji unatapakaa. Dada mmoja alituma picha ya mwanawe kwenye kigae, mtoto kawa zambarau kuanzia machoni hadi kifuani. Mwalimu akamwambia hakusugua kwa upendo. Upendo! Mwenye printa ya wino ana njia yake: unachapa kwenye ule upande unaoteleza wa karatasi iliyobandikiwa stika, baada ya kuzibandua stika zenyewe. Wino unakaa juu haujui pa kwenda, unaugandamiza kwenye mbao kabla haujakauka, umemaliza, wala gundi huhitaji. Ni mara moja tu, ukitikisika imeharibika, lakini inafanya kazi. Nimejaribu. Hilo halimo kwenye sauti zote 11.

Hata kugeuza picha hakulitaja. Ukibandika kifudifudi, kulia kunakuwa kushoto. Kwa sura unaweza usigundue, kwa maandishi ni kichekesho. Kuna kaka wa darasani aliyeandaa zawadi 12 za harusi ya mdogo wake, majina ya maharusi yote yanasomeka kwa msaada wa kioo. Kabla ya kuchapa unageuza kwenye simu au kompyuta, kazi ya sekunde 2, sema tu uambiwe.

Na mninga! Mwalimu anasema mbao yoyote. Mashine ya fotokopi haina rangi nyeupe, wakuu. Kile unachokiona cheupe kwenye kopi ni karatasi yenyewe, na karatasi ndiyo unayoisugua na kuitupa. Kwa hiyo pale palipokuwa peupe patakuwa na rangi ya mbao. Mninga ni mwekundu wa kahawia, hata ningetumia kopi sahihi babu angezama kama mtu aliyesimama gizani. Inatakiwa mbao nyeupe, paina ya Mafinga inatosha kabisa na bei yake ni mteremko, la sivyo upake kwanza rangi nyeupe. Nilimlipa fundi wa Keko pesa ya mninga kwa ushauri wa mtu ambaye nadhani hajawahi kugusa mbao zaidi ya ile ya kwenye video.

Haya yote mngeweza kusema ni uzembe. Hili la sauti namba 7 si uzembe. Anasema wenye haraka waache gundi, walowanishe kitambaa na thina, wasugue mgongo wa kopi, picha itahamia. Ni kweli inahamia, thina inailainisha ile plastiki. Lakini hakusema fungua dirisha, wala hakusema zima moto. Nusu ya darasa lile tunapikia mkaa, wengi tunaishi chumba na sebule. Mvuke wa thina unashika moto, na ukiuvuta chumba kilichofungwa unaanguka. Mtu anafundisha watu 200 kazi hiyo kwa sauti ya redio ya mahaba na hataji moto hata mara moja.

Halafu biashara ya vikombe. Ndani ya kundi anauza vikombe vyeupe "vya kuchapia" 6,000 kimoja. Ni vikombe vya chai vya kawaida, dukani kwa Mangi ni nusu ya bei hiyo. Kikombe cha kuchapia picha kwa joto, hii kazi wanayoiita sablimesheni, kimepakwa utando maalumu wa plastiki. Rangi yake ikipata joto la kama nyuzi 200 inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia umajimaji, unaingia kwenye utando huo, kikipoa rangi imefungiwa ndani. Hakuna utando, hakuna pa kuingia. Utaosha mara mbili unakunywa chai na kivuli. Kitambaa vilevile, inataka poliesta nyeupe au ya rangi ya kupauka. Tisheti ya pamba itatoka imefubaa, ukifua inaaga. Wapo watu wamenunua katoni nzima kwake. Na anayewaambia mbandike picha kwenye sahani kwa gundi na vanishi kisha mpakulie wali, naomba muanze kumpakulia yeye.

Kinachoniuma ni kwamba kazi yenyewe si ya uongo na si ngeni. Mwaka 1756 pale Liverpool, Uingereza, John Sadler na Guy Green walikula kiapo kwamba wamechapa vigae zaidi ya 1,200 ndani ya saa 6, wao wawili tu bila msaidizi. Bila umeme, bila simu, bila vikopa. Hao walijua rangi yao ni ya nini na inashika wapi. Leo mtu ana mashine ya fotokopi kila kona ya mtaa na hajui kilichomo tumboni mwake, lakini anatoza ada.

NYONGEZA 1: Naona komenti nyingi za "ungepiga picha kwa simu kwanza". Ndiyo. Nilipaswa. Hilo nalibeba mwenyewe na nimeshalilia, hamhitaji kuniongezea. Lakini nilimlipa mtu anijulishe nisichokijua, nikamuuliza swali lilelile lenyewe, akanidanganya. Msimtoe kwenye kesi. Na mkuu uliyesema "zipo picha ambazo ngozi yake hubanduka", uko sahihi, zile za Polaroid, kamera inayotoa picha papo hapo, watu huziloweka maji ya moto wakahamisha ule utando. Babu hakupigwa na Polaroid.

NYONGEZA 2: Binamu yangu wa Kigoma amesoma huu uzi, akafukua simu yake ya zamani. Alipiga picha ile picha kwenye msiba wa bibi 2019, ikiwa mezani. Flashi imempiga babu kwenye paji la uso na kidole gumba cha mtu kimeingia pembeni. Nimepeleka kwa kijana wa fotokopi, ameigeuza, ametoa kopi 4 za majaribio akanitoza 2,000 zote. Nimetumia paina, gundi ileile "feki", nikaacha siku nzima, nikasugua kwa vidole vya mkono mmoja mara tatu, kila ikikauka unatokea ukungu mweupe wa nyuzi za karatasi narudia tena. Kofia imetoka. Kimeza kimetoka na maua yake. Kwenye paji la uso ni mbao tupu.

Mistari ya nyuma, mama ameikumbuka miwili. Wa tatu anasema ulikuwa na neno "stesheni" na zaidi ya hapo hana.

NYONGEZA 3: Mwalimu ameniibukia leo kwa namba nyingine, nadhani mtu kamtumia uzi. Hana cha kurudisha, ila kwa "upendo" ananipa bure darasa la pili, la kufufua picha za zamani zilizoharibika, ambalo wengine wanalipia 50,000. Nilichomjibu nikikiandika hapa mods mtanifungia. Namba iliyotuma ile 30,000 anayo, na bado iko hewani.