Ludwig, Konrad au Hermann: mtoto tumpe lipi?

mama_kijacho
Habari zenu wapendwa. Mimi wa Moshi, mume wangu Mjerumani, tunaishi Köln. Mungu akipenda mwezi ujao tunapata mtoto wa kiume. Jina la kwanza ni la marehemu babu yangu, la pili litoke ukoo wa mume: Ludwig, Konrad au Hermann. Baba mkwe ndiye Hermann. Nisaidieni kuyapima, maana jina si nguo ya kuvaa na kuvua.

msomaji_wa_kale
Hongera dada. Majina mengi ya kale ya Kijerumani huunganisha maneno mawili. Ludwig ni *hlud*, mwenye kusikika kwa sifa, na *wig*, vita. Konrad ni *kuoni*, jasiri, na *rat*, shauri. Hermann ni *heri*, jeshi, na *man*, mtu. Hiyo heri msiichanganye na heri yetu! Kwa maana tupu, mimi nasimama na Konrad: ujasiri wenye shauri.

mwana_pangani
Hermann hapana, dada yangu. Hermann von Wissmann ndiye afisa wa Kijerumani aliyeletwa kuvunja upinzani wa pwani, na kiongozi wake Abushiri bin Salim akanyongwa hapa kwetu Pangani Desemba 1889. Sanamu ya Wissmann ilisimamishwa Dar es Salaam, baadaye ikapelekwa Hamburg, na wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Kama wao wenyewe wameiangusha, sisi tulirudishe jina nyumbani kwa nini?

kalamu_ya_Tanga
Mwana Pangani, uchungu wako naujua, lakini Hermann Hesse naye alikuwa Hermann, mwandishi aliyepata Nobel 1946. Jina halinyongi mtu.

mwana_pangani
Kweli halinyongi. Ila bibi zangu walilisikia likitajwa vipi, hilo Hesse halifuti.

jirani_wa_Bonn
Kwa mtoto wa Köln, Konrad ni jina la nyumbani kabisa. Konrad Adenauer alizaliwa hapo 1876, akawa meya tangu 1917 mpaka Wanazi walipomwondoa 1933, na mwaka 1949 akawa kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi akiwa na miaka 73. Ludwig nako hamwendi mbali: Beethoven, yule mtunzi wa muziki, alizaliwa Bonn, 1770.

msomaji_wa_kale
Na Johann Ludwig Krapf, yule mmisionari Mjerumani! Alifika Mombasa 1844, mwaka huohuo akazika mke na mtoto mchanga, lakini hakuondoka. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwa mtoto wa lugha mbili, huyo ni wajina wa maana. Nabadilisha kura yangu.

mama_kijacho
Asanteni sana. Jana nimempigia mama, nikamtamkia yote matatu. Kwenye Ludwig akanikatiza: "Si Ludoviki huyo? Mjomba wako je?" Kumbe ni jina lilelile, limepitia Kilatini na kanisani hadi kwetu mgombani. Mume wangu kakubali. Kwa baba mkwe tunakwenda Jumapili, na habari ya Pangani nitamweleza mwenyewe.