MREJESHO: Sahihisho langu la Wikipedia lililofutwa

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini sahihisho langu la kwanza Wikipedia lilifutwa siku ileile. Makala ilikuwa ikiihesabu Pluto kama sayari ya tisa, nami nikaandika kwamba sayari ni nane, nikahifadhi, basi.

Mlioniambia nibofye Historia, asanteni sana. Kule kila badiliko limehifadhiwa pamoja na sababu yake kama mhariri ameiandika, na pale langu lilipofutwa palikuwa na maneno mawili tu: "Hakuna chanzo." Mimi nilikuwa nimeshaamini kwamba wageni hawatakiwi! Kumbe mhariri aliyefuta hakuwa na njia ya kujua kama nasahihisha au naharibu.

Nikaenda ukurasa wa Majadiliano wa makala ileile, nikaeleza kwamba mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliiweka Pluto kwenye kundi la sayari kibete, yaani zisizohesabiwa kati ya zile nane, nikaweka kiungo cha azimio lenyewe, nikatia saini kwa viwimbi vinne (~~~~). Yuleyule aliyenifuta akanijibu kwa upole, akanielekeza jinsi ya kuweka rejeo mwishoni mwa sentensi. Nikarudia, safari hii nikajaza na sehemu ya muhtasari, pale unapoandika sababu ya badiliko. Limebaki mpaka leo.

Ombi langu kwa wazoefu: mkifuta kazi ya mgeni, mwachieni walau mstari mmoja kwenye ukurasa wake. Wengi hawajui kabisa kama Historia ipo, na wakifutwa kimyakimya hawarudi.

Sasa nashughulikia makala ya Ceres, nayo ni sayari kibete.