Kimea "kilichopondwa" ambacho hakijapondwa: wauzaji mtatufanya wajinga mpaka lini?

Wakuu, heshima zenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo lugha mnivumilie. Wasimamizi wakiona nimepitiliza wafute sentensi, uzi wauache.

Niko Tanga mjini. Napika bia nyumbani, ya kunywa mwenyewe na jamaa wachache wanaopita Jumapili, kwa ule mtindo wa mfuko uliotokea Australia. Sufuria moja kubwa, mfuko wa kitambaa chepesi ndani yake, kimea unakiloweka humohumo kwenye maji ya moto, muda ukitimia unanyanyua mfuko na maji matamu yanabaki. Unayachemsha na hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu), unapooza, unatia hamira. Basi. Majirani zangu wa Makorora wanajua ni togwa, na naomba ibaki hivyo.

Kimea cha shayiri hapa Tanga hukikuti dukani. Shayiri inalimwa nchini, Karatu na Monduli huko, ila inaishia viwandani. Sisi wa kilo tano tano tunaagiza kwa muuzaji wa Dar, mzigo unapanda basi, unaufuata stendi. Muuzaji simtaji jina, anajijua. Tangazo lake linasema "kimepondwa, tayari kwa sufuria", na kwa huko kupondwa anakuongezea hela kwa kila kilo. Hiyo hela ya kuponda ndiyo ninayoilalamikia.

Twende kwenye hesabu, maana nimeshaambiwa nalia bila ushahidi. Sukari tunaipima kwa haidromita, kile kioo kinachoelea: maji matupu kinasoma 1.000, na kila 0.001 inayozidi hapo ni pointi moja. Kilo moja ya kimea cheupe cha kawaida, ikitoa sukari yake yote kwenye lita moja ya maji, ni pointi kama 300. Kilo 5 ni 1,500. Gawanya kwa lita 20 zilizobaki baada ya kuchemsha unapata 75, yaani haidromita ingesoma 1.075. Nyumbani hakuna anayefika huko. Anayepika kwa mfuko bila makeke anapata asilimia 70 hadi 75, kwa hiyo nilitegemea 1.052 na kuendelea. Nikasoma 1.038! Hiyo ni asilimia 51. Nusu ya sukari niliyoilipia wamekula kuku wa jirani. Bia iliyotakiwa kuwa na kilevi cha asilimia 5 na kitu ikaishia 3.8.

Nikampigia. Jibu lake: "Kaka, kamua mfuko vizuri." Nikamwambia mbona nakamua. "Basi kamua zaidi."

Hapa ndipo nilipochemka, kwa sababu ushauri huu wa kamua-kamua umeenea mno na watu wanaumeza mzimamzima. Kilo 5 za kimea ukizining'iniza zichuruzike zenyewe zinabaki na maji kama lita 4. Ukivaa glavu ukakamua kwa nguvu, unarudisha kama lita 2. Nilianza na lita 27. Lita 2 hapo ni asilimia 7, tena ya ile sukari iliyokwisha kuyeyuka. Ambayo bado ni wanga ndani ya punje haitoki hata mfuko uukanyage na katapila. Huwezi kutoka 51 ukafika 70 kwa kukamua. Na wale wanaosema kukamua kunaleta ukakasi, huo unaletwa na maji yenye pH kubwa (pH ni kipimo cha uchachu, ikipanda uchachu umepungua) pamoja na moto mkali, mikono yenu haihusiki.

Najua maswali yatakayokuja, nayajibu kabisa. Haidromita yangu imetengenezwa kwa nyuzi 20, na sampuli niliipooza kwenye barafu kabla ya kusoma. (Mnaosoma hivihivi kwa joto la chumba la hapa pwani, nyuzi 30, mnapunjwa pointi 2 hadi 3. Mnaotumbukiza haidromita kwenye maji ya nyuzi 60 mnadanganywa pointi 15 na zaidi, na kioo kinaweza kupasuka juu yake.) Kipimajoto nimekihakiki kwa barafu inayoyeyuka na kwa maji yanayotokota, na huku usawa wa bahari hakuna kisingizio cha mwinuko. Nililoweka kwa nyuzi 66, saa nzima, sufuria limeviringishiwa blanketi. Nilikoroga kwa mwiko mpaka donge la mwisho likavunjika.

Sasa ushahidi wenyewe. Mzigo uliobaki niliumwaga kwenye ungo, juani, nikaupembua. Punje nzima zimejaa! Karibu robo hazijaguswa na kinu, ziko na maganda yake kamili, ungeweza kuzirudisha shambani kama zisingekuwa kimea. Nyingine zimebonyea tu. Nikachukua machicha yaliyotoka kwenye mfuko, nikapasua punje kwa meno: katikati ngumu, nyeupe, chaki tupu. Nikatumia ayodini ya duka la dawa, ambayo ikikuta wanga inageuka nyeusi. Tone kwenye maji matamu, rangi ikabaki ileile ya kahawia, maana yake majini wanga umeisha. Wengi wanaishia hapo na kusema kazi imekwenda sawa. Nikadondoshea tone lingine kwenye ile chaki ya ndani ya punje. Ikageuka nyeusi tii palepale.

Kwa hiyo vimeng'enya vya kimea, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vilikuwepo na vilifanya kazi, kila wanga viliyoufikia viliugeuza sukari. Huo mwingine havikuufikia kwa sababu mlango haukufunguliwa. Jamani, hata togwa! Kuna bibi gani anayetia kimea cha punje nzima kwenye uji akategemea asubuhi aukute mwepesi na mtamu? Anakisaga kwanza, na hajasoma kemia.

Kinachotokea, ninavyoona, ni kwamba vinu vyao vimeachwa na nafasi ya milimita 1.2 hivi kati ya rola, yale magurudumu mawili ya chuma yanayobana punje. Kwa wenye mapipa ya kuchuja hiyo ina maana, kwa sababu ganda zima ndilo chujio lao, likisagika maji hayapiti. Sisi chujio letu ni kitambaa. Tunahitaji 0.6 hadi 0.8. Kadi yako ya benki ina unene wa 0.76. Muuzaji akikwambia kinu chake kimebanwa, muombe video akiingiza kadi kati ya rola. Ikipita inacheza, usitume hela.

Tena mnaponda gunia zima mapema mnaliacha wazi kwenye hewa ya pwani. Kimea kizima kikifungwa vizuri kinakaa miezi. Kikishapondwa kinanyonya unyevu, na huu unyevu wetu mnaujua. Kizuri ukikitafuna kinalia. Cha kwenu kilikuwa kinanepa mdomoni.

Tuwe wa haki, kuna kitu kimoja hakimhusu muuzaji, nacho ni maji. Tanga tumekalia mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni ni chokaa, saruji ya Pongwe ni chokaa, na maji ya kisima unayaona kwa utando mweupe ndani ya birika. Maji hayo yanapandisha pH ya kimea kilicholowekwa, wakati inatakiwa ikae 5.2 hadi 5.6. Kwa mfuko hali ni mbaya zaidi kwa sababu maji yote unayatia kwa mara moja, chokaa nyingi kwa kimea kidogo. Mimi natumia ya bomba, yanayotoka Mabayani kwenye mto Zigi, naongeza unga wa ndimu kidogo sana na kupima kwa karatasi. Wenye visima anzeni hapo. Ila msiniambie tatizo langu ni maji, soma aya inayofuata.

Gunia la pili, la muuzaji yuleyule, nililipeleka mashine ya unga hapa mtaani. Kijana wa mashine akaniuliza ni chakula cha kuku, nikamwambia ndiyo. Akafunga chekeche la matundu makubwa, tukapitisha mahindi kidogo kusafisha, kisha kimea. Kikatoka chenga, siyo unga, hakuna punje nzima hata moja. Kilo 5 zilezile, lita 27 zilezile, maji ya bomba, nyuzi 66, saa moja, blanketi lilelile. Haidromita: 1.053. Asilimia 71.

Nimelipia kuponda mara mbili, na aliyeponda ni yule wa pili.

Ninachodai kiko wazi. Aliyeuza anirudishie hela ya kuponda ya magunia yote mawili. Tangazo liandike nafasi ya kinu kwa milimita. Na kama kinu hamna, uzeni kimea kizima, mwandike kizima. Tutatafuta mashine wenyewe.

NYONGEZA: Anayesema mnazi upo wa nini kuhangaika, mkuu, mnazi nao naunywa, haujazuia kitu. Anayetaka kupunguza gharama kwa kuchanganya mtama: ruhusa, lakini wanga wa mtama haulegei kwa nyuzi 66, unataka joto zaidi. Upike uji kwanza, uache upoe mpaka nyuzi hizo, ndipo kimea cha shayiri kiingie.

NYONGEZA 2: Muuzaji kanifuata inbox. Anasema oda ijayo atanipunguzia asilimia 10 nikifuta uzi. Uzi haufutwi, na oda ijayo haipo. Namba yangu unayo, ni ileile uliyonitumia picha ya risiti ya basi. Tuma hela ya kuponda.