Niliwaambia wanafunzi "light" ni neno moja. Jumatatu nirudi vipi darasani?

Mwalimu_Mukono
Wanajukwaa, hamjambo. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili hapa Mukono, Uganda. Ijumaa tulikuwa tunatafsiri sentensi, msichana mmoja akaniuliza mbona "light" ni mwanga na tena ni -epesi. Nikamjibu bila hata kupepesa: mwanga hauna uzito, ndiyo maana Waingereza wakaona neno moja latosha. Darasa likapiga makofi. Usiku umeme ukakatika, nikakaa na tadooba yangu, kibatari cha mafuta ya taa, moyo ukaanza kunisuta. Nimebuni? Na kama nimebuni, nawarudia vipi vijana wale nisidharaulike?

Mzee_wa_Kamusi
Umebuni, mwalimu wangu. Pole. Hayo ni maneno mawili ya koo mbili, yamefanana kwa sauti tu. "Light" ya mwanga ni ndugu wa "lux" ya Kilatini na "leukos" ya Kigiriki, maana yake -eupe. Hata "luna", mwezi wa Kilatini, ni wa ukoo huo. "Light" ya wepesi ndugu yake ni "levis" ya Kilatini. Kijerumani kitakutosha kwa ushahidi: mwanga ni "Licht", -epesi ni "leicht". Waingereza wa kale walikuwa tayari wakiandika yote mawili "leoht". Waholanzi nao husema "licht" kwa yote mawili, kwa hiyo wa kuchanganyikiwa hauko peke yako.

Na hiyo "gh" inayowatesa watoto kwenye imla ilikuwa ikitamkwa zamani, karibu na "kh" yetu ya kheri. Sauti ilikufa, tahajia ikabaki. Kiskoti bado kinayo.

Buchani_Kalerwe
Mimi si msomi ila hili limenigusa. Kuna Mzungu mmoja alikuja buchani akaniomba "lights" za mbwa wake. Nikamwonyesha balbu ya darini. Kumbe anataka mapafu!

Mzee_wa_Kamusi
Ha ha! Hakukosea, ssebo. Mapafu ya mnyama huitwa hivyo kwa sababu ya wepesi wake, na "lung" yenyewe imetoka ukoo huohuo. Wewe unajua kuliko sisi: pafu ukilitia kwenye beseni la maji linaelea, ini linazama. Warusi nao pafu huliita kwa neno lao la wepesi.

Kondakta_Bwaise
Na ile "alight" ya kushuka kwenye kamunye, matatu zetu? Nilidhani ni kuwasha taa ya ndani abiria aone anapokanyaga.

Mzee_wa_Kamusi
Hapana, hiyo nayo ni ya wepesi. Mtu akishuka juu ya farasi, farasi anapunguziwa mzigo. Ila ipo "alight" nyingine ya kitu kinachowaka moto, na hiyo ni ya mwanga. Usiwatangazie abiria zote mbili siku moja.

Kijana_Ntinda
Mwalimu, nyamaza tu. Nani atakwenda kuchunguza? Mtihani hauulizi asili ya maneno.

Binti_Lamu
Asimsikilize huyo. Aliyeuliza swali lile ndiye atakayechunguza, na siku akigundua hatakuamini tena hata kwenye ngeli. Mimi nimezaliwa Lamu, nimeolewa Kampala. Anza na Kiswahili chenyewe, kaka. Waulize: taa ni nini? Watasema ya kuwashia, maana hata Kiluganda wana ettaala. Kisha waambie kwetu pwani taa ni samaki pia, yule bapa mwenye mkia mrefu. Je, samaki huyo anawaka? Watacheka, na hapo ndipo unasema: basi na mimi Ijumaa niliwaambia samaki anawaka.

Kijana_Ntinda
Si angetumia "mwanga" tu? Mwanga wa jua, na mwanga anayewanga usiku. Imekaa vizuri zaidi.

Binti_Lamu
Unataka mwalimu aitwe ofisini? Yuko Buganda, na Mwanga ni jina la Kabaka, mfalme wa huko. Mchawi na Kabaka ubao mmoja! Abaki na samaki.

Mwalimu_Mukono
Nimerudi, leo Jumatatu jioni. Nilichora samaki ubaoni, vibaya, wakadhani ni tiara. Nikakiri kosa. Hakuna aliyenidharau, ila yule msichana hakupiga makofi safari hii; aliandika tu. Kisha akanyoosha mkono: "Mwalimu, na umeme je? Si ni jina la kampuni iliyokuwa ikituuzia stima?" Nusu ya darasa waliamini hivyo kweli, kwamba kampuni ndiyo iliyotangulia na radi ikafuata. Kipindi kikaishia hapo. Mzee wa Kamusi, asante sana. Dada wa Lamu, kesho nitumie picha ya samaki huyo, tafadhali.