Mnaomwita Kuminga garasa, semeni kazi yake pale Warriors ilikuwa ipi

Wakuu, nimekaa kimya tangu Julai 2025 nikisoma mnavyomsema huyu kijana. Leo sivumilii tena. Jonathan Kuminga, Mkongomani anayecheza kikapu NBA, alisaini tena na timu yake ya Golden State Warriors kabla ya msimu wa 2025-26: miaka 2, hadi dola milioni 48.5, na mwaka wa pili ukiwa mikononi mwa timu. Wino haujakauka, tayari watu walijazana kuandika kwamba amepewa hela za bure, mbinafsi, hana akili ya mchezo, garasa.

Garasa! Mchezaji ambaye Mei 2025, nyota wa timu Stephen Curry akiwa nje kwa msuli wa paja, ndiye aliyewaongoza kwa pointi kwenye mchujo. Naona mmesahau makusudi, ngoja niwakumbushe. Curry aliumia mechi ya kwanza dhidi ya Minnesota. Mechi nne zilizofuata Kuminga alifunga 18, 30, 23 na 26. Ni wastani wa pointi 24 na kidogo. Ile ya tatu ilipigwa San Francisco, kwetu ikiwa usiku wa manane kuamkia Jumapili ya Mei 11. Alitokea benchi, akatupa mara 18, akaingiza 11. Mwenzake Jimmy Butler alikuwa na 33. Draymond Green wetu akatolewa kwa faulo robo ya mwisho, na mechi ikaisha 102 kwa 97 tukiwa tumepoteza.

Najua, tulipoteza zote nne, na kuna watakaokimbilia hapo hapo: "Alifunga wakati timu inafungwa." Alifunga dhidi ya timu yenye Rudy Gobert chini ya kikapu na Jaden McDaniels pembeni, bila Curry wa kumvutia mabeki hata mmoja. Mlitaka afanye nini zaidi ya hapo? Akabe watu watano peke yake?

Lakini hasira yangu haianzii Mei, inaanzia Aprili. Aprili 13, mechi ya mwisho ya msimu dhidi ya Clippers, mechi iliyokwenda hadi muda wa nyongeza, Kuminga akiwa mzima wa afya hakuingia hata sekunde moja. Siku mbili baadaye dhidi ya Memphis, hakuingia. Mechi ya kwanza ya Houston, hakuingia. Butler alipoanguka vibaya kwenye mechi ya pili ndipo kijana akakumbukwa, na Butler aliporudi, kijana akarudi kukaa. Halafu Curry anaumia, anaitwa tena, safari hii abebe mashambulizi ya timu nzima ugenini Minneapolis. Na alibeba. Mtu asiyefaa kwa dakika tano za Aprili anawezaje kuwa mfungaji wenu namba moja wa Mei? Hilo swali hakuna aliyelijibu hapa, watu wanaruka moja kwa moja kwenye matusi.

Mnapenda sana kusema "mchezaji wa akiba ajue nafasi yake". Sawa. Tuwaangalie waliojua nafasi zao. Kevon Looney wa Warriors: mechi ya sita dhidi ya Memphis mwaka 2022 alikamata rebaundi 22, yaani mipira iliyokosa kikapu, na hakuna aliyemdai pointi hata siku moja. Gary Payton II alikuwa anazungushwa kwenye mikataba ya siku 10, akaambiwa mkabe mfungaji wao hatari, weka skrini (mzibie beki njia), kimbilia kikapu. Mwaka mmoja baadaye ana pete ya ubingwa. Bismack Biyombo wa Lubumbashi, Mei 2016, Jonas Valančiūnas wa Toronto kaumia, Biyombo anaingia na kunyakua rebaundi 26 dhidi ya Cleveland ya LeBron James. Kazi yake ilikuwa moja na kila mtu uwanjani aliijua: kamata mpira, zuia mitupo. Miezi michache baadaye Orlando wakampa miaka 4 kwa dola milioni 72. Hao wote walijua nafasi zao kwa sababu kuna mtu aliwaambia, na kesho yake hakubadilisha.

Kuminga aliambiwa nini? Akiwa na miaka 19 anaanzishwa kwenye mchujo dhidi ya Memphis, kisha anafutika mpaka ubingwa unapatikana. Januari 2024, mechi ya Denver, ana pointi 16, anatolewa robo ya tatu na harudi tena. Timu inapoteza uongozi wa pointi 18 robo ya mwisho na Nikola Jokić anamaliza kwa mtupo wa mbali filimbi ikilia. Ikaripotiwa kwamba kijana amepoteza imani na kocha Steve Kerr. Wakakaa, wakazungumza, akapewa namba. Na alipopewa namba? Pointi 20 au zaidi mechi 8 mfululizo. Msimu akaumaliza na wastani wa 16.1, karibu asilimia 53 ya mitupo yake ikiingia. Ana miaka 21.

Timu yoyote yenye akili ingejenga hapo. Msimu uliofuata anaanza mechi tatu za mwanzo, anarudishwa benchi. Mwishoni mwa Desemba wachezaji wanaumia, anaitwa, anafunga 34 dhidi ya Clippers na usiku unaofuata 34 tena dhidi ya Phoenix. Januari 4 kifundo cha mguu kinateguka, anakosa mechi 31. Anapona Machi, anakuta Butler keshasajiliwa na nafasi yake haipo tena. Kila mara akishaanza kuzoea kitu, kinabadilishwa. Leo kiraka, kesho mfungaji mkuu, keshokutwa mshangiliaji mwenye taulo begani.

Hapa naomba mnielewe vizuri, kwa sababu Kerr si mjinga na sitamfanya mjinga. Tatizo la kiufundi lipo kweli. Kuminga anaishi kwa kushambulia ringi. Anahitaji njia. Sasa mweke uwanjani pamoja na Draymond na Butler, watu wawili ambao mabeki wanawaachia nafasi nje ya mstari wa pointi tatu bila wasiwasi. Angalia beki wa Draymond anasimama wapi: hayuko na Draymond, kasimama katikati ya njia anamsubiri Kuminga. Wa Butler naye kaingia ndani hatua mbili. Kijana anapokea mpira kwenye kona, anainua macho, anaona kuta tatu. Akipita, anagongana nazo. Akirudisha mpira, mnasema mwoga. Akitupa toka nje, mnasema mbinafsi. Kerr mwenyewe alishasema hadharani kwamba kuwachezesha hao watatu pamoja ni shida. Na timu ilishinda 23 na kupoteza 7 katika mechi alizocheza Butler, namba hiyo siibishii.

Ila kama unajua kwamba mchanganyiko haukubali, suluhisho lake ni kumtafutia dakika ambazo unakubali. Draymond anapopumzika, mwache kijana na Curry, Buddy Hield na Moses Moody, watupaji watatu, njia iwe wazi. Mpe dakika 12 za namna hiyo kila mechi, zile zile, wiki kwa wiki, azitegemee. Dakika za uhakika za aina hiyo hakuwahi kuzipata alipotoka majeruhi. Alipewa dakika za kubahatisha, akikosea moja anaitwa nje, na mchezaji anayecheza huku anageuza shingo kuangalia benchi hawezi kucheza kikapu cha maana.

Udhaifu wake naujua, na sitaki mtu aniambie nimepofushwa. Msimu wa 2024-25 alitupa pointi tatu kwa asilimia 30.5, na mitupo huru ilishuka hadi chini ya asilimia 67, jambo lisilo na kisingizio kwa mtu anayeingia ndani kiasi kile. Rebaundi 4.6 kwa mechi kwa mwenye mwili na mruko kama ule ni chache. Akiwa upande usio na mpira anasinzia, mtu wake anapita nyuma yake. Wakati mwingine anashikilia mpira sekunde tatu kwenye mfumo ambao hautaki mpira usimame hata sekunde moja. Yote kweli. Ni makosa ya kijana ambaye kabla ya NBA alicheza mechi 13 tu za kulipwa, na timu ya Ignite, na aliyetimiza miaka 23 Oktoba 6, 2025. Makosa ya namna hiyo huondoka kwa kucheza.

Na kuna mtu kila siku ananiletea Franz Wagner, aliyechaguliwa nyuma yake kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2021. "Tungemchukua Wagner namba 8 badala ya Kuminga namba 7." Ndugu yangu, Wagner alikwenda Orlando, akacheza mechi 79 msimu wake wa kwanza na zote 79 alianza. Alikosea usiku mmoja, usiku unaofuata akaanzishwa tena. Huo mfano unaouleta unanisaidia mimi, haukusaidii wewe.

Angalieni pia wenzake. James Wiseman, chaguo namba 2 mwaka 2020, Februari 2023 keshaondolewa. Jordan Poole, bingwa wa 2022, anapigwa ngumi na Draymond mazoezini, mwaka unaofuata yeye ndiye anayepelekwa Washington. Moody kasubiri mpaka mwaka wa nne ndiyo angalau anaonekana. Uongozi ulitutangazia kwamba utashinda sasa na wakati huo huo utalea vijana warithi. Curry, Draymond na Klay Thompson walitimiza upande wao mwaka 2022. Upande wa kulea vijana nani ameulizwa? Tunawauliza vijana wenyewe kwa nini hawakulelewa.

Nije kwenye hela, maana ndizo zinawatoa povu. Mwaka wa kwanza ulikuwa kama dola milioni 22.5. Ukomo wa mishahara ya timu msimu wa 2025-26 ulikuwa milioni 154.6, kwa hiyo hiyo ni chini ya asilimia 15. Msimu wa kabla yake alilipwa milioni 7.6. Angeweza kukataa yote, akachukua ofa ya mwaka mmoja ya milioni 7.9, na kiangazi cha 2026 akaondoka bure na Warriors wasipate hata kopo la maji. Wanaomwita mroho wajiulize nani katika hii biashara alikuwa na karata gani. Timu ndiyo iliyong'ang'ania mwaka wa pili iamue yenyewe. Sacramento na Phoenix walipokuja kuulizia, hawakuelewana. Hawakumpa namba, na hawakumwachia aende.

Na huu mkataba ulivyokaa unasema kila kitu kwa anayejua kusoma. Mwaka mmoja wa uhakika, mshahara wa ukubwa wa kulinganishia na mshahara wa mchezaji mkubwa kutoka timu nyingine, na kuanzia Januari 15, 2026 aliruhusiwa kubadilishwa na wachezaji wa timu nyingine. Wamemlipa ili wapate cha kupeleka sokoni. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira kabisa, kwa sababu hadi hiyo Januari kila mechi ya kucheza vibaya ni "si mnaona", na kila mechi ya kucheza vizuri ni "bei imepanda, auzwe". Hakuna kitu cha uwanjani kinachohesabiwa kama kikapu.

Kuna jambo moja limenifanya niandike leo badala ya kesho. Kuna mtu hapa, na mnamjua, aliandika kwamba kijana "arudi kwao Goma akacheze huko". Watu wakacheka, wakaweka na alama za makofi. Goma ndiko alikozaliwa mwaka 2002. Aliondoka akiwa mtoto wa miaka 13 au 14 kwenda kusoma na kucheza Marekani. Mwishoni mwa Januari 2025, yeye akiuguza mguu, mji huo uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Watu walikufa, watu walikimbia, na wanaongea Kiswahili hiki hiki mnachokitumia kuwakejeli. Mjadala wa asilimia za pointi tatu tuuendeshe mpaka asubuhi, nipo. Goma msiiguse. Aliyeandika vile aifute.

Simtetei kwa sababu ni wa kwetu. Wapo wa upande wa pili wanaonikera vile vile, wanaosema alipwe milioni 30 kwa mwaka kwa kuwa ni Mkongomani na anadanki vizuri. Hapana. Kwangu mimi Kuminga wa 2025 alikuwa mchezaji wa sita, yaani wa kwanza kutoka benchi, wa timu nzuri, wa dakika 26 hadi 28, anayeingia kuvunja ulinzi uliochoka na kumkaba winga wao mwenye mwili mkubwa. Alikuwa na thamani hiyo, na katika Warriors ya 2025 iliyojaa watu wa miaka 35 na kuendelea ilikuwa kubwa kuliko mnavyotaka kukubali, kwa sababu hakukuwa na mwingine pale mwenye uwezo wa kufika kwenye ringi kwa miguu yake mwenyewe. Mechi za Minnesota zilionyesha hivyo mara nne mfululizo.

Kwa hiyo anayebisha asiniletee garasa wala mbinafsi. Aniletee kipindi kimoja, miezi miwili tu, ambapo huyu kijana akiwa mzima alipewa kazi moja ile ile kila usiku, dakika zile zile, ikamshinda. Mimi ninacho cha kinyume chake, kuanzia Januari hadi Machi 2024, na namba zake nimeshaziweka hapo juu. Leteni chenu.