Vitabu vipo ila vimefungiwa stoo. Nifungue maktaba au niogope leja?

Mwl_Chaki: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili na Jiografia shule ya kata, ya kutwa, wanafunzi mia saba na ushee. Mwezi uliopita nimekabidhiwa maktaba. Nasema maktaba, lakini ni chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Nikapewa funguo na leja ya kumbukumbu za vitabu, nikasaini.

Nimehesabu siku tatu. Biolojia kidato cha pili, vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), katoni nne bado zina gundi yake. Hisabati kidato cha tatu vipo kumi na kimoja, na mikondo ni mitatu! Kuna rafu nzima ya msaada kutoka nje: sheria za kodi za Kanada, mwongozo wa kompyuta wa 1998. Riwaya za Kiswahili hazifiki ishirini, nazo mchwa wameshaanza kuzisoma kabla yetu.

Mkuu wa shule kaniambia kikipotea kimoja ni juu yangu. Aliyenitangulia alikuwa anafungua siku ya wageni tu. Nifanyeje?

Kobe_wa_Pugu: Funga. Nilifungua 2019, nikarudishiwa majalada bila kurasa. Siku ya makabidhiano nilihojiwa kama mwizi wa kuku.

Mama_Kadi: Mwanangu, usimsikilize huyo. Nimefanya kazi ya ukutubi mpaka nikastaafu. Mtaala mpya unaingia kwa awamu tangu 2024. Hizo katoni ukizitunza vizuri sana, utakuja kuzifungua siku ambayo hakuna anayezihitaji, na leja yako itakuwa safi kabisa.

Usianze na namba za Dewey, zile za kupanga vitabu kwa mada, zitakuchosha bure. Piga mhuri wa shule ukurasa wa kwanza na ukurasa mmoja wa siri, tuseme wa 17, vitabu vyote. Kila nakala ipe namba yake. Vya kiada usivirundike maktaba: wagawie wanafunzi, kila mmoja asaini namba yake, vikaguliwe mwisho wa muhula. Pale rafuni bakiza vya ziada na riwaya. Na kabla ya kutoa hata kimoja, mwandikie mkuu orodha ya vilivyochakaa, asaini, nakala ubaki nayo. Wengi wanalipia vitabu vilivyopotea kabla yao.

Hiyo ya Kanada iombee kibali iondolewe. Inakula nafasi.

Kobe_wa_Pugu: Mama, kwa orodha iliyosainiwa nakuunga mkono. Hiyo mimi sikuwa nayo.

Binti_Kilosa: Nimesoma shule ya kata, Fizikia kitabu kimoja watu saba. Mwalimu alikuwa anafungua saa tisa alasiri, wakati sisi wasichana tunawahi maji na jiko. Nilisoma kwa sababu dada mmoja wa kidato cha nne alikuwa anachomoka nacho kwenye begi Ijumaa, anakirudisha Jumatatu. Ruhusu kwenda nacho nyumbani, mwalimu. Ukifungua mchana tu utawasaidia wenye nafasi.

Fundi_Waya: Ongezea na maktaba mtandao ya TET, vitabu vyao vya kiada unavisoma bure. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, najua, ila hata kompyuta mpakato moja ya ofisi ukiiunganisha na projekta darasa zima linaona. Hakuna bando? Weka programu ya Kiwix, inakupa Wikipedia bila intaneti, hata ya Kiswahili.

Chumvi_Kidogo: Projekta shule ya kata, na umeme wa nani? 😂

Fundi_Waya: Kwani sola mmeshazikataza?

Mwl_Chaki: Asanteni sana, na shikamoo Mama. Jana nimempelekea mkuu orodha. Aliitazama muda mrefu, akauliza kwa nini Kanada. Kasaini. Leo tumefungua katoni mbili, watoto wa kidato cha pili walikuwa wananusa kurasa. Kuazima wikiendi naanza na darasa moja. Swali moja limebaki: mchwa.

Mama_Kadi: Marahaba. Rafu zisiguse ukuta, na miguu yake isimamishe kwenye makopo yenye oili chafu. Angalia kila Jumatatu.